Mbwa Akirudi Nyumbani na Kidonda

 

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya mbwa. Najua kuna watakaocheka. Rafiki yangu mmoja alipopata habari ya mazungumzo haya aliniuliza, "Je, mzee, umekosa neno la kusema hata ukachukua mbwa?" La, sikukosa. Mbwa ni askari wa usiku asiyepewa mshahara. Anakula makombo, analala nje katika umande, na mtu akikohoa ukingoni mwa shamba usiku wa manane, yeye ndiye wa kwanza kusimama. Lakini akirudi asubuhi akichechemea, wengi wetu twamtazama mara moja tu, twasema, "Atapona mwenyewe," kisha twaenda zetu. Au twafanya jambo baya zaidi: twampaka kitu tusichokijua.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao. Acheni niwaeleze.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mbwa, jina lake Simba. Jina lilikuwa kubwa kuliko mwenyewe. Alikuwa mbwa wa kawaida, wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na la pili limelala. Asubuhi moja alirudi na jeraha kwenye paja la nyuma, urefu wa kidole changu. Alikuwa amepita chini ya seng'enge ya jirani. Damu ilikuwa imekwisha kuganda. Nikatazama, nikaona si kitu. Nikaingia ghalani, nikachukua mkebe wa oili chafu, ile inayotolewa kwenye injini ya gari, nikachovya kitambaa, nikampaka. Ndivyo nilivyomwona baba yangu akifanya, na baba yangu hakuwa mjinga.

Simba alifanya nini? Alifanya kama afanyavyo mbwa yeyote. Alikaa chini ya mwembe akalilamba paja lake mpaka oili yote ikaingia tumboni mwake. Usiku akatapika. Siku ya pili akakataa ugali. Siku ya nne nikasikia harufu, nikafunua manyoya yaliyogandamana, na huko chini kidonda kilikuwa kinatembea. Naam, kilikuwa kinatembea, maana kilijaa funza, yaani watoto wa nzi. Nzi hutaga mayai juu ya kidonda kilichoachwa chini ya manyoya machafu yenye majimaji, na mayai hayo huanguliwa upesi, mara nyingi ndani ya siku moja tu. Nilikuwa nimewapa nzi siku nne.

Nikamfunga kamba, tukaenda naye polepole mpaka sokoni kwa daktari wa mifugo. Alikuwa kijana, ndevu zilikuwa hazijamjaa. Njiani nilikuwa nimetayarisha maneno ya kujitetea, kwa maana nilijua nitakaripiwa. Hakunikaripia. Alimpapasa Simba kichwani, akaniuliza maswali matatu. "Mzee, kidonda hiki kimetoka wapi? Umekiosha kwa nini? Na mbwa huyu amechanjwa?" Katika maswali hayo matatu niliweza kujibu moja tu, lile la kwanza. Kuosha sikuwa nimeosha. Na chanjo, niseme ukweli, nilikuwa sijafikiri habari yake tangu mbwa azaliwe.

Yale niliyofundishwa siku ile, nikisimama nimemshika Simba kichwa, ndiyo ninayotaka kuwapa ninyi leo. Nazungumza juu ya vidonda vidogo: mchubuko, mkwaruzo wa miiba au wa waya, ngozi iliyochanika kidogo. Hivyo vyaweza kutunzwa nyumbani. Vingine haviwezi, nami nitavifikia.

Kwanza, mbwa mwenye maumivu si yule mbwa unayemjua. Hata mbwa mpole aweza kumwuma bwana wake, naye hafanyi hivyo kwa ubaya. Kwa hiyo tafuta msaidizi, mtu mzima anayependwa na mbwa huyo. Chukua utepe mrefu wa kitambaa, uzungushe mdomo, ufunge fundo chini ya kidevu, kisha upeleke nyuma ya masikio ufunge tena. Usikaze hata ashindwe kuvuta pumzi, wala usimwache amefungwa hivyo muda mrefu, kwa maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema huku mdomo uko wazi. Na mbwa anayetapika au anayepumua kwa shida usimfunge mdomo kamwe. Zungumza naye wakati wote. Mke wangu humwimbia. Mimi naona haya kuimba, nazungumza tu.

Ikiwa damu bado inatoka, weka kitambaa safi juu ya kidonda ukandamize kwa mkono, dakika tano hata kumi. Hapa ndipo watu hukosea: kila nusu dakika wanainua kitambaa waone kama imekoma, na kwa kuinua wanabandua damu iliyoanza kuganda. Kandamiza, utulie.

Damu ikikoma, kata manyoya. Nilishangaa daktari alipochukua makasi kabla ya kuchukua dawa yoyote. Lakini fikiri: utaoshaje kitu usichokiona? Manyoya huingia ndani ya kidonda, hushika uchafu, huficha usaha. Alipaka mafuta kidogo ya kujipaka, yale mazito kama vaselini, pembeni mwa kidonda, ili manyoya yakikatwa yashikamane na mafuta yasianguke ndani. Akakata pande zote mpaka ngozi ikaonekana, upana wa kama vidole viwili. Tumia makasi yasiyo na ncha kali, kwa maana mbwa akishtuka waweza kuongeza kidonda cha pili.

Kisha maji ya chumvi. Wasikilizaji, dawa hii imo katika kila jiko la Kenya. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu tu. Kwa kila nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kijiko kilichosawazishwa, si chenye mlima. Pakiti ya maziwa ya dukani ya nusu lita itakusaidia kupima. Kipimo hicho kinakaribia chumvi iliyomo katika damu yenyewe, na ndiyo sababu hakiumizi nyama iliyo wazi. Watu wengine hufikiri kwamba chumvi nyingi ni dawa kali zaidi. Sivyo. Chumvi ikizidi inachoma, mbwa anakuogopa, na kesho hutamkamata tena.

Mimina maji hayo kwa wingi. Si kupangusa kwa pamba iliyoloweshwa kidogo. Ni kumimina, kikombe baada ya kikombe, mpaka mchanga, damu na uchafu vitoke. Njia nzuri ni kutoboa tundu dogo kwenye kifuniko cha chupa safi ya plastiki, ukaiminya, maji yakatoka kwa nguvu kidogo. Kijana yule alitumia zaidi ya lita moja kwa paja la Simba. Wale funza walitoka kwa maji na kwa kibano, mmoja mmoja, na nikaombwa nishike taa. Mimi nilikuwa nimefikiri kuwamwagia mafuta ya taa. "Hapana, mzee," akasema, "mafuta ya taa yataunguza nyama, na mbwa atayalamba kama alivyolamba oili." Kidonda chenye funza, basi, usikihesabu kuwa ni kidogo. Mpeleke mbwa kwa daktari, kwa kuwa wengine wamejificha ndani usikoweza kufika.

Baada ya kuosha kaushe pembeni kwa kitambaa safi. Ukiwa na ile dawa ya iodini ya kusafishia vidonda, inayouzwa katika duka la dawa, izimue kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea, uipitishe juu ya kidonda. Ukiwa huna, maji ya chumvi yatosha. Rudia kuosha mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni.

Sasa niseme juu ya vitu tunavyopaka. Nimekwisha taja oili chafu na mafuta ya taa. Kuna wanaotumia dawa ya josho ya kuulia kupe, kali kama ilivyo katika chupa, juu ya nyama iliyo wazi. Hiyo huingia katika damu na yaweza kumwua mbwa. Kuna wanaotumia dawa ya kuoshea vyoo, kwa sababu inanuka usafi. Kuna spiriti, na kuna ile haidrojeni peroksaidi inayotoa povu. Hizi mbili huua vijidudu, ni kweli, lakini pia huua nyama changa inayojaribu kuota, na kidonda hukawia kufunga. Ngozi ya juu ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, ingawa manyoya yanatudanganya tuifikirie ngumu kama kiatu. Kitu ambacho usingekipaka juu ya kidonda cha mtoto wako, usikipake juu ya cha mbwa.

Mtu mmoja wa kanisa letu aliponisikia nikisema hivi aliniuliza juu ya yule Msamaria mwema. Je, hakumimina mafuta na divai juu ya majeraha ya yule mtu njiani? Alimimina. Lakini yalikuwa mafuta ya chakula na divai ya mezani, vitu ambavyo yeye mwenyewe angevitia kinywani mwake. Hayakutoka kwenye injini ya lori. Tena tukumbuke kwamba hakuishia hapo. Alimpandisha yule mtu juu ya mnyama wake, akampeleka penye nyumba ya wageni, akatoa fedha. Wengi wetu tunamfuata Msamaria mpaka penye mafuta tu. Penye fedha tunageuka nyuma.

Na asali? Huku kwetu Ukambani, nchi ya mizinga, swali hili haliwezi kukosa. Asali safi ni nzuri juu ya kidonda kilichooshwa. Inavuta majimaji, na vijidudu haviishi humo kwa raha. Ipake juu ya kitambaa safi, uweke juu ya kidonda, ufunge, ubadilishe kila siku. Lakini iwe asali kweli, si ile iliyochanganywa na sukari ya kuchemsha. Na lazima ifunikwe, kwa sababu mbwa akiijua, kidonda kitalambwa mpaka mfupani.

Tunafika penye kulamba. Tumeambiwa tangu utotoni kwamba ulimi wa mbwa ni dawa. Wengine huleta ushahidi wa Lazaro maskini aliyelala mlangoni pa tajiri, mbwa wakaja wakamlamba vidonda. Mimi nikisoma habari ile sioni mahali panaposema alipona. Naona mtu aliyekuwa mnyonge hata hakuweza kufukuza mbwa. Ni kweli kwamba mate ya mbwa yana nguvu kidogo ya kupunguza vijidudu fulani. Lakini kinywa kile kile kimetafuna mfupa uliooza jalalani, na kimejaa vijidudu vyake. Ulimi nao ni mkwaruzo: unabandua kigaga kila kinapoanza kushika, na kidonda cha ukubwa wa shilingi kinakuwa cha ukubwa wa kiganja katika usiku mmoja. Vidonda vingi vya mbwa visivyopona haviponi kwa sababu ya ulimi wa mwenyewe.

Kwa hiyo mzuie. Madaktari wana ukosi mpana wa plastiki wa kumvalisha shingoni. Sisi tulichukua ndoo kuukuu, tukakata kitako chake, tukalainisha kingo kwa utepe wa kitambaa, tukatoboa matundu manne tukaifunga kwenye ukanda wa shingo. Ukingo wa ndoo lazima upite ncha ya pua, vinginevyo ulimi utafika. Siku ya kwanza Simba aligonga kila mlango, akakwama kwenye ua, akasimama katikati ya kiwanja akitutazama kama mtu aliyesalitiwa. Watoto walicheka mpaka wakalia. Siku ya pili alizoea. Hakikisha tu kwamba anaweza kunywa na kula. Sisi tulimwinulia karai juu ya matofali.

Bendeji si lazima kwa kila kidonda. Mchubuko mdogo waweza kuachwa wazi, mradi nzi na ulimi havikifikii. Ukifunga, tumia kitambaa cha pamba kilichofuliwa, usikaze, vidole viwili vipite chini yake. Tazama nyayo: zikivimba au zikiwa baridi, fungua mara moja. Na bendeji ikilowa, ibadilishe saa ile ile. Bendeji chafu ni mbaya kuliko kutokuwa na bendeji.

Jambo jingine, na hili hufanywa na watu wenye huruma. Wanamwona mbwa ana maumivu, wanampa vidonge vyao wenyewe. Tafadhali, msifanye. Ibuprofeni yaweza kutoa vidonda tumboni mwa mbwa na kuharibu figo zake. Paracetamol yaweza kuharibu ini lake. Kidonge kinachomsaidia mtu wa kilo 70 si kidonge cha mbwa wa kilo 15, na hata ukikikata vipande mwili wa mbwa hauzitumii dawa hizo kama wa mtu. Wala usimdunge mabaki ya sindano ya ng'ombe uliyoweka dirishani.

Kila siku tazama kidonda, na unuse. Ndiyo, unuse. Siku mbili za kwanza kitakuwa chekundu, kitavimba kidogo, kitatoa majimaji meupe yasiyo na harufu. Hiyo ni kazi ya mwili. Baadaye utaona nyama ya rangi ya waridi na kingo zikisogeleana. Lakini uvimbe ukizidi badala ya kupungua, pakiwa na joto, usaha mzito wa manjano au kijani, harufu mbaya, au mbwa akikataa chakula na kulala pembeni peke yake, usingoje kesho. Vivyo hivyo na kidonda kilicho wazi hata unaona mafuta au nyama ya ndani, kilicho karibu na jicho, penye kiungo, kifuani au tumboni, na damu isiyokoma baada ya kukandamiza dakika kumi. Kidonda cha kushonwa hushonwa mapema, katika muda wa saa chache. Kikikaa mpaka siku ya tatu kazi ya daktari huwa ngumu zaidi.

Sasa nije kwenye kidonda kimoja ambacho kwa macho ni kidogo kuliko vyote.

Simba alipona paja lile kwa muda wa majuma matatu. Daktari alikuwa ameniambia nimrudishe akiwa mzima ili achanjwe. Nusura nisimrudishe. Siku hiyo ilikuwa ya soko, nilikuwa na mbuzi wawili wa kuuza, na kumvuta mbwa pamoja na mbuzi ni taabu isiyo na mfano. Mke wangu ndiye aliyesema, "Baba watoto, ulimwambia yule kijana utamrudisha." Basi nikamrudisha. Akachanjwa, nikapewa kadi, nikaichomeka nyuma ya picha ukutani.

Mwaka uliofuata, mvua za Novemba zilipoanza, nilirudi kutoka shambani nikamkuta kijana wetu wa mwisho, aliyekuwa na umri wa miaka 11, amechuchumaa kando ya Simba. Alikuwa ameweka sufuria ya maji ya chumvi, kijiko kiko pale, kitambaa safi kiko pale. Alikuwa amejifunza vizuri. "Baba," akasema, "ana matundu mawili tu mguuni. Nimempangusa mate na damu, sasa nataka kuosha."

Matundu mawili. Nikakumbuka lile swali la kwanza la daktari: kidonda hiki kimetoka wapi?

Matundu mawili madogo yanayoangaliana ni meno. Na kidonda cha meno hudanganya, kwa sababu ngozi ya mbwa imelegea juu ya nyama. Jino likiingia na mbwa wakivutana, ngozi inakwenda nalo huku na huku, na chini yake nyama inachanika mahali pakubwa. Juu unaona tundu la ukubwa wa punje ya hindi. Chini kuna mfuko uliojaa vijidudu, na tundu likifunga upesi usaha unabaki ndani. Hata kama mbwa aliyeuma ni wa jirani na mzima kabisa, kidonda hicho kinahitaji daktari.

Lakini aliyemwuma Simba hakuwa wa jirani. Jioni ile tulisikia kwamba mbwa mgeni, asiyejulikana na mtu, amepita njia ya mtoni, akauma mbuzi wa mjane mmoja, akaendelea bila kutazama nyuma. Nikamshika mtoto mkono. Kwenye kidole chake palikuwa na mkato mdogo wa panga, wa siku ile ile.

Wasikilizaji, kichaa cha mbwa hupita katika mate. Kati ya watu wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani, karibu wote, 99 kati ya kila 100, waliupata kwa mbwa. Kwa kawaida hukaa mwilini miezi miwili au mitatu kabla ya kuonekana, lakini waweza kuonekana baada ya juma moja, au baada ya mwaka. Na dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kinga ipo, tena ni ya zamani. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimpa chanjo Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, na mtoto yule akaishi. Lakini sharti ni kuwahi.

Tulimwosha kijana mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa. Mke wangu alimimina maji, mimi nilishika saa, na sijapata kuona dakika ndefu kama zile. Hatukupaka majivu, hatukupaka pilipili, hatukumfunga kitambaa. Usiku ule ule tulipanda gari mpaka hospitali. Akadungwa sindano, akapewa tarehe za kurudi, na hatukukosa hata moja.

Asubuhi nilimpelekea daktari wa mifugo habari, kwa maana mambo haya hayafichwi; yule mbwa mgeni alikuwa bado yuko njiani, na kuna watoto wengine. Alifika kwetu akiwa amevaa glavu, akaomba kadi. Nikaitoa nyuma ya picha. Aliisoma, akashusha pumzi. "Mzee, kadi hii imemwokoa mbwa wako," akasema. Mbwa aliyechanjwa akiumwa na anayeshukiwa, huchanjwa tena mara moja na kufungwa ndani ya boma siku 45, akiangaliwa. Asiyechanjwa, mara nyingi hulazimika kuuawa, au kutengwa kwa miezi mingi. Sikuuliza zaidi. Kijana wetu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

Tangu mwaka wa 2014 Kenya ina mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka wa 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Ukisikia siku ya chanjo imetangazwa sokoni au kanisani, mfunge kamba, uende. Mbuzi wanaweza kuuzwa juma lijalo.

Siku 45 ni nyingi. Simba alifungwa kwa mnyororo nyuma ya ghala, ndani ya ua wa miiba. Mimi peke yangu ndiye niliyempelekea chakula na maji, nikivisogeza kwa fimbo. Kila jioni kijana wetu alichora mstari kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, naye akiwa mbali alimwita jina mbwa wake, na Simba akatikisa mkia. Kila asubuhi mimi nilitazama: Je, anakunywa? Anameza? Macho yake yanakaaje? Anabweka sauti yake ile ile? Nilijikuta namwombea mbwa, jambo ambalo miaka ya nyuma ningalimcheka mtu mwingine kwa kulifanya.

Siku ya 45 daktari alikuja, akamtazama kwa muda mrefu, akasema tumfungue. Simba alijinyosha, akamzunguka kijana mara tatu, akakojoa kwenye nguzo ya ghala. Kisha akaenda mbio moja kwa moja mpaka kwenye seng'enge ya jirani, akapita chini yake, mahali pale pale.

Kijana alinitazama, akaenda kuteleka sufuria ya maji.

Kwaherini, wasikilizaji wapenzi, mpaka juma lijalo.